Pikapu Inayotetemeka Ikifika Themanini

Karatu, 8 Julai 2025

Kwa Mama Sankale, mzazi mwenzangu,

Natumaini mko wazima huko Oloipiri, watu na ng'ombe. Sisi huku tuko salama, ila vumbi la Julai limeingia mpaka kwenye unga, na lawama zote zinaniangukia mimi mwenye mashine ya kusaga.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu yako kila nikipiga naambiwa haipatikani. Binti yangu Blandina amenieleza kuwa ukitaka mtandao lazima upande kile kilima nyuma ya boma. Kwa magoti yetu haya, bora barua. Atakuletea Sankale mwenyewe na pikapu.

Na ni hiyo pikapu ninayotaka tuizungumze. Inatetemeka.

Sisemi inarukaruka kama gari lolote kwenye mashimo. Inatetemeka kwenye lami iliyonyooka. Juzi nilipanda na watoto kwenda Makuyuni. Hamsini, sitini, imetulia kabisa, unaweza kushona kifungo. Ikifika themanini inaanza: kwanza kiti, halafu sakafu, halafu meno yangu. Nilikuwa namsimulia binti yangu habari za kwaya, sauti ikanitoka kama ya mbuzi. Sankale akapunguza mwendo, ikanyamaza. Akaongeza, ikarudi. Nikamuuliza, "Baba, hii ni nini?" Akanijibu, "Ni upepo, Mama."

Upepo!

Unakumbuka siku ya harusi, mshereheshaji alivyotangaza kuwa upande wa bibi harusi wametoa kichwa cha pikapu na upande wa bwana harusi wametoa bodi. Watu wakacheka sana. Sasa mimi sitaki kusema ni nusu ya nani inayotetemeka. Lakini tulipoinunua kule Arusha niliijaribu mwenyewe mpaka Usa River na kurudi, ilikuwa kimya. Imekaa kwenu, imerudi hivi. Nauliza tu.

La pili, ile fremu ya duka niliyowatafutia watoto hapa sokoni imeshapakwa rangi. Wakihamia Karatu mwezi wa tisa kama walivyoniahidi, safari hizi za kwenda na kurudi zitakwisha.

Mzazi mwenzio,
Margareth, Mama Blandina


Oloipiri, 15 Julai 2025

Paker wangu,

Barua imefika. Ng'ombe wazima, mbuzi wazima, mimi mzima isipokuwa goti, na goti lenyewe nimeshalizoea.

Kuhusu pikapu. Nimeipanda kwenda Wasso, nimeipanda kwenda mnadani, nimeipanda na mgonjwa amelala nyuma. Sijaona ikitetemeka peke yake. Huku chochote kinachokaa juu ya gari kinatetemeka, pamoja na mchungaji wa kanisa. Barabara yetu haijawahi kuona themanini. Nina dume mmoja amewahi kuipita pikapu hiyo, na hakuwa na haraka. Kwa hiyo ukiniambia inatetemeka ikifika themanini, ni sawa na kuniambia jogoo wangu anakohoa akifika Dar es Salaam. Nitajuaje?

Dawa yake naiona rahisi. Msiifikishe themanini. Huko Makuyuni kuna nini mnachokikimbilia?

Bodi yetu nzima. Mbuzi wanapanda na kushuka, hakuna aliyelalamika. Angalieni kichwa.

Kuhusu kuhama, labda hukusikia vizuri. Mwezi wa tisa watoto wanahamia hapa. Sankale ameniahidi kwa kinywa chake. Miti ya boma lao imeshakatwa na kina mama wameshapanga siku ya kukandika nyumba. Hiyo rangi ya dukani isikusumbue, rangi haiozi.

Nailantei, Mama Sankale


Karatu, 24 Julai 2025

Mama Sankale,

Nimelisoma neno lako la kwanza mara nyingi. Huyu Paker ni nani? Nilimwuliza kijana anayenisaidia kwenye mashine, akasema labda ulitaka kuandika paka. Mimi nimekuja Karatu kutoka Rombo nikiwa bibi harusi, nimezika mume hapa, nimelea watoto kwa unga wa watu. Sijawahi kuwa paka wa mtu.

Nayaacha hayo. Pikapu nimeipeleka kwa Hhando, fundi mwenye gereji karibu na stendi. Ni Mwiraqw wa hapahapa, mtaratibu, hasemi sana, lakini anapenda kubadilisha vitu. Kwanza alisema ni tairi hazijabalansiwa. Akabalansi. Tukaenda mpaka mteremko wa Manyara: inatetemeka. Akahamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele: inatetemeka. Akasema ni shokapu. Akafunga mpya: sasa inatetemeka kwa starehe zaidi. Akasema ni bushi. Jana akaniambia, "Mama, bado beringi." Nikamwambia, Hhando, ukimaliza vyuma vyote vya gari hili utaanza kunibadilisha na mimi.

Sankale anasimama pembeni amefumba mdomo. Kila kifaa kipya kinapotolewa kwenye boksi anashtuka kama amechomwa sindano. Mwanao ana adabu, nakiri. Ila adabu ya namna hii inanitia wasiwasi.

Na hao mbuzi wako hawawezi kulalamika kwa sababu hawajui lami. Waonje Makuyuni ndiyo tuwaulize.

Habari ya kuhama nilimwuliza Blandina ana kwa ana. Amesema wewe ndiye umeelewa vibaya. Alisema hivyo huku anachochea maharage ambayo yalikuwa yameshaepuliwa.

Margareth


Oloipiri, 31 Julai 2025

Paker wangu,

Paker si paka. Kwetu Wamaasai, mtu akikupa kondoo, mnaacha majina, mnaitana kwa kondoo yule. Siku ya kutoa mahari ulinipa kondoo jike mwenye shingo nyeusi. Tangu siku hiyo wewe ni Paker wangu na mimi ni Paker wako, mpaka mmoja wetu afukiwe. Hata tukigombana tutagombana kwa jina hilo. Ndiyo faida yake.

Barua hii sijampa Sankale. Nimempa kondakta wa basi la Arusha, atakuachia mashineni. Sababu ni kwamba barua yako ya mwisho ilifika imefunguliwa na kufungwa tena kwa ugali. Nimefanya kazi ya uuguzi zahanati mpaka nilipostaafu, najua bahasha iliyofungwa na aliyeandika na bahasha iliyofungwa na mtu mwenye hofu.

Sasa huyo Hhando wako. Mgonjwa akija hatuanzi na sindano, Paker. Tunamkalisha, tunamwuliza. Hhando anatibu kabla ya kuuliza. Nenda ukaniulizie gari maswali haya.

Linatetemekea wapi: mikononi kwenye usukani, au makalioni kwenye kiti? Mgonjwa anayeumwa kichwa hatumpaki dawa ya mguu.

Likiwa kwenye themanini, dereva akitoa gia na kuliacha liende lenyewe, kutetemeka kunaisha au kunaendelea? Nataka kujua kama ugonjwa uko kwenye moyo au kwenye viungo.

Likibeba mzigo, linazidi au linapungua?

Na la mwisho ambalo ndilo la kwanza: lilianza lini, na kabla ya hapo lilikuwa limekula nini? Namaanisha lilikuwa limetoka wapi.

Usimtume mtu. Panda mwenyewe. Wagonjwa hudanganya, na ndugu wa wagonjwa hudanganya zaidi.

Nailantei


Karatu, 9 Agosti 2025

Paker wangu (nimelikubali, lina utamu wake ukishalizoea),

Nimefanya ulivyoagiza. Jumamosi iliyopita nilifunga mashine, nikapanda mbele na Hhando, nikaweka sufuria ya maji kwenye kiti kati yetu. Sankale alitaka kuendesha yeye. Nikamwambia, "Baba, leo pumzika," akakaa nyuma kwenye bodi anaangalia milima.

Majibu haya hapa. Usukani umetulia, Hhando aliushika kwa vidole viwili. Kinachotetemeka ni kiti na sakafu. Sufuria ilianza kuchora miduara ilipofika themanini, kwenye tisini maji yakaruka yakanilowesha gauni, nikashuka Mto wa Mbu watu wakidhani mengine. Akatoa gia, gari likawa linateleza lenyewe na injini imelala: linatetemeka vilevile, linapoa tu kadiri mwendo unavyopungua. Tukapakia magunia ya vitunguu ya jirani aliyetoka Mang'ola: likazidi.

Basi tukiwa njiani kurudi nikawaza. Si injini, maana injini ilikuwa imepumzika. Si tairi za mbele, maana usukani umetulia. Ni kitu kilicho chini ya makalio yetu, kirefu, kinachozunguka haraka gari likienda haraka. Paker, mimi na shafti tumeishi pamoja maisha yangu yote. Mashine yangu iliwahi kutetemeka hivyohivyo baada ya fundi kuifungua shafti na kuirudisha ovyo. Ilitembea yenyewe usiku kucha kuelekea mlangoni kama inataka kutoroka. Tulipofika gereji nikamwambia Hhando, "Angalia propela." Ile nondo nene inayotoa nguvu mbele kupeleka tairi za nyuma, wao wanaiita hivyo.

Hhando akalala chini ya gari. Akapapasa bolti mojamoja. Akasema, "Mama, bolti hizi zimefunguliwa siku si nyingi. Tatu zina rangi moja, ya nne ni ya trekta."

Nikamgeukia Sankale. "Baba, nani aliifungua propela?"

"Labda kiwandani, Mama."

"Wajapani wanafunga bolti za trekta?"

Akasema amekumbuka kuna mbuzi wanamsubiri Oloipiri. Hhando alikuwa bado anatafuta spana, pikapu ikaondoka na vumbi lake. Hata magunia ya vitunguu ya watu hayajashushwa, naona mtakula vizuri.

Kwa hiyo mgonjwa yuko kwako. Na swali lako la mwisho mimi siwezi kulijibu. Lilitoka wapi, hilo ni la kwenu.

Margareth


Oloipiri, 17 Agosti 2025

Paker wangu,

Kaa chini kwanza kabla ya kusoma. Mwambie kijana azime mashine.

Barua yako iliponifikia nilikumbuka kitu. Mwezi wa sita watoto walisema wanakwenda mnadani Wasso, wakarudi kesho yake jioni. Gari lilikuwa limepakwa tope jeusi mpaka kwenye milango, na kwenye bampa kulikuwa na majani ya maharage. Mbuzi waliyachuna wakayala. Nikadhani mvua imenyesha Wasso. Lakini nimewauliza watu, mvua iliisha mwezi wa tano. Tope bila mvua, Paker. Tope bila mvua linatoka kwenye mfereji wa kumwagilia.

Nikamwambia Sankale, "Nipeleke kwenye ile lami inayotoka Wasso kuelekea Sale. Nataka kuionja themanini ya mama mkwe wako."

Akasema, "Yeyo," yaani mama, "mafuta hayatoshi." Nikamwambia mshale nimeuona. "Yeyo, kuna trafiki." Nikamwambia trafiki huyo nilimzalisha mama yake. "Yeyo, goti lako." Nikapanda, nikafunga mlango.

Sasa naomba radhi kwa maneno yangu ya mwanzo. Inatetemeka. Ilipofika themanini shanga zangu zote zilianza kuimba na mimi sikuwa nimefungua mdomo. Mke mwenzangu aliyekaa nyuma alianza kukemea mapepo.

Tukafika njia panda ya Digodigo, nikasema tusimame ninunue sukari. Sankale akakataa kushuka, akajifunika shuka mpaka machoni kana kwamba kuna baridi. Pale kuna banda la kutengeneza baiskeli. Akatoka mwanamume mmoja anafuta mikono, akacheka kwa furaha: "Sankale! Propela inaendaje? Nilikwambia itafika mpaka Karatu!" Ndiye Metui, fundi wa hapo. Kisha akasema neno ambalo ndilo ninalokuandikia: "Mwambie Blandina zamu yenu ya maji ni kesho asubuhi. Msipokuja, mfereji unakwenda kwa jirani."

Zamu yenu ya maji.

Paker, watoto wetu wana shamba Digodigo. Wanalima maharage na mahindi, na wameshasimamisha nguzo za nyumba. Si Karatu. Si Oloipiri. Metui alinieleza yote: walikwama kwenye mfereji mwezi wa sita, krosi ya propela, kile kiungo chake, ikakatika, akaifungua propela nzima, wakatembelea tairi za mbele tu mpaka kijijini, akatafuta krosi nyingine akaifunga. Kama wangesema ilifunguliwa, ungeuliza ilifunguliwa wapi. Ndiyo maana kijana amesimama kwa Hhando akiangalia shokapu nzima zikitolewa.

Sikumgombeza. Nilinunua sukari, nikapanda, nikasema turudi nyumbani. Nimenyamaza tangu juzi, na yeye anazunguka boma kama ndama aliyepotelewa na mama. Nasubiri neno lako.

Nailantei


Karatu, 22 Agosti 2025

Paker,

Sikukaa chini. Nilisoma nimesimama, na unga wa watu ukaungua.

Digodigo! Nimepaka rangi fremu, ya kijani, kwa mikono yangu, nimekwaruza dari mpaka shingo ikakataa kugeuka. Blandina amekuja Jumapili hapa, amekula, ameniambia, "Mama, rangi imependeza."

Nakuja na basi la Alhamisi. Usiwaambie. Nawe vaa viatu vya matopeni.

Hhando ameniambia cha kutafuta. Propela ni vipande viwili vinavyochomekana kwa meno. Kila kipande kina alama, na alama lazima zitazamane. Ukichomeka zikiwa zimepishana, kinaingia vizuri, kinafungwa vizuri, ila vichwa viwili vinavutana kama maksai waliofungwa nira moja kila mmoja anakwenda kwake. Polepole huwezi kujua. Ukikimbia ndipo vinaonyeshana.

Margareth


Digodigo, 7 Septemba 2025

Mama, na Yeyo,

Nimeandika barua hii mara mbili, maneno yaleyale, moja kila mmoja, msije mkasema mwenzako ameambiwa zaidi. Naandika kwa sababu siku ile hamkutupa nafasi ya kusema chochote.

Mlitokea kwenye kona ya mfereji mmeshikana mikono. Mimi nilikuwa ndani ya maji na jembe. Nilipowaona nilidhani kuna msiba. Mama, wewe ulianza kulia. Yeyo, wewe ulisema, "Kumbe ndiyo hapa," na hilo liliniumiza kuliko kilio. Sankale alijiandaa na hotuba, ameifanyia mazoezi mbele ya mbuzi wiki nzima, akafungua mdomo. Lakini Mama ukasema, "Nyamaza kwanza, gari liko wapi?"

Na huo ndio ukawa mkutano wetu. Metui aliitwa. Mama ukatandika kitenge cha kwaya ukalala chini ya pikapu na tochi, unasema, "Zungusha. Bado. Zungusha. Wewe, unaona alama au unaona njaa?" Metui anajitetea kuwa alifunga jua likizama na tope likiwa mpaka kwenye kope. Yeyo ulikuwa umekaa kwenye jiwe unampa Sankale bolti mojamoja, kama vidonge. Alama zilipotazamana ulipiga kigelegele, Mama, ukiwa bado uko chini, na kuku wote wa jirani wakakimbia.

Halafu tukapanda wote kwenda kwenye lami. Themanini. Tisini. Hakuna kilichotikisika. Nakumbuka ule ukimya. Tulikuwa watu wanne ndani ya gari lililopona, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kulaumu tena isipokuwa mwenzake. 

Basi nasema sasa. Mama, pale dukani, siku tulipokwenda kupima rafu, wateja watatu waliingia. Wa kwanza alimwuliza Sankale kama analinda usiku au mchana. Wa pili alikuwa mtalii, akamwomba asogee kwenye mwanga apige picha. Wa tatu alimpita, akaniuliza mwenye duka yuko wapi, nikamwonyesha mume wangu, akacheka, akidhani natania. Sankale alicheka naye. Nyumbani hakula.

Yeyo, hapo bomani kwako sijawahi kutukanwa hata siku moja. Lakini nikishika kibuyu cha maziwa wanawake watatu wanasimama kuangalia nitakavyokosea. Nikikosea wanafurahi, nisipokosea wanasubiri. Mimi ni yule Mchaga. Nitakuwa yule Mchaga nikiwa bibi kizee.

Huku Digodigo sote wawili ni wageni. Wenyeji wanatucheka sawasawa. Sankale hajui kulima, mimi sijui lugha yao, jembe letu la kwanza lilivunjika kwenye tuta la jirani. Lakini jioni tukirudi tunacheka jambo moja. Mama, Yeyo, hatukuwa tumewahi kucheka jambo moja.

Tuliwaahidi wote wawili kwa sababu hatukuweza kuvumilia kuona sura ya yeyote kati yenu ikianguka. Hilo ndilo kosa, si shamba.

Maharage yatavunwa mwezi wa kumi. Mnakaribishwa.

Blandina


Karatu, 19 Septemba 2025

Paker wangu,

Umepata barua ya mtoto? Mimi nimeisoma, nikaificha, nikaitoa nikaisoma tena. Ile habari ya mlinzi sikuijua. Nilimwona Sankale siku ile amekaa kwenye ndoo nyuma ya fremu, nikamwambia asiegemee rangi mbichi. Ndilo neno nililomwambia.

Fremu nimemwachia mke wa Hhando, anashona magauni. Anasema kijani kinamtia kichefuchefu, atapaka upya. Nikamkabidhi brashi. Hhando mwenyewe nilimweleza kuwa kweli alama zilikuwa zimepishana, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, ningeanzia hapo." Nikamwangalia mpaka akaingia chini ya gari ambalo halikuwa na ugonjwa.

Wewe je, nguzo za boma umezifanya nini? Nieleze ukweli, usiniletee uuguzi. Kina mama waliopanga siku ya kukandika uliwaambiaje?

Sasa kuna hili jingine. Juzi Blandina amenipigia simu, wamepata sehemu yenye mtandao. Ameniambia kwa sauti ya upole, ile ya kuchochea maharage yaliyoepuliwa, kwamba wamefikiri, yeye na mumewe, na wanaona ni vizuri tuwatembelee kwa zamu. Mimi mwanzo wa mwezi, wewe mwisho. Nikamwuliza kwa nini. Akasema eti nafasi ni ndogo. Nikamwambia nafasi niliiona, ng'ombe wanaweza kucheza mpira. Ndipo akasema ukweli: siku ile tulipokuwa tunasubiri Metui anawe mikono, mimi na wewe tulihamisha jiko lao, tukaliweka upande wa upepo, kisha tukagombana, tukalirudisha, kisha wewe ukachimbua miche ya ndizi ukaipanda pengine. Anasema wakiwa na mmoja wetu wanaweza kuvumilia. Wakiwa na wawili, shamba halitakuwa lao.

Nimemwambia sawa, mwanangu. Nimekubali kabisa.

Wewe Sankale amekwambia hivyohivyo?

Margareth


Oloipiri, 27 Septemba 2025

Paker wangu,

Amekuja mwenyewe. Amekaa mbali kidogo, kijana anakaa hivyo akiwa na neno zito. Akasema, "Yeyo, mwisho wa mwezi." Nikamwambia, mwanangu, mmefikiri vizuri, nimefurahi.

Nguzo nimemwazima mdogo wangu, zisiliwe na mchwa. Kina mama niliwaambia mwanangu amekuwa mkulima. Walinipa pole kana kwamba amevunjika mguu. Mmoja akauliza maharage yake ni ya aina gani. Nikaona nimesimama hapo najisifia maharage, mimi ambaye sijawahi kushika jembe. Usimwambie mtu.

Na ile miche ya ndizi niliihamisha kwa sababu ilipandwa vibaya. Jiko nalo bado liko upande mbaya. Ulikuwa na haki kuhusu upepo, ila si kuhusu mlango.

Nami nimewakubalia mwisho wa mwezi, sitaki watoto wakose usingizi.

Mimi natoka hapa kwenda Digodigo Jumanne ya tarehe saba, mwezi wa kumi. Wewe unapanda basi la siku gani?

Nailantei